Daftari la Nyando

Mara mbili kwa siku, kumi na mbili na kumi na mbili,
nashuka ukingoni, kalamu nimeichomeka nyweleni,
kusoma rula ya chuma waliyoisimika mtoni
Rispa wangu akiwa hajaota jino.
Leo Rispa ana mtoto darasa la pili.

Mshahara haununui gunia,
ila mto hausomwi na asiyeuzoea:
una siku za kununa,
una siku za kujitutumua kwa povu tu.

Zamani Machi ilikuwa na tabia.
Tinderet ikikohoa huko juu
siku ya pili maji yanatufikia Ahero
yamegeuka rangi ya chai ya maziwa,
na mimi nimejua kabla ya redio.
Siku hizi Machi inapita kama mgeni asiyeketi,
Aprili inaomba radhi kwa manyunyu.

Mwaka huu rula ilitoa miguu.
Kwanza mistari ambayo sijawahi kuiona,
chini yake kutu,
na chini ya kutu, kwa ncha ya msumari:
OBUYA FUNDI.
Miaka yote hiyo jina limelala majini
likingoja ukame ulisome.
Niliandika kipimo.
Daftari halina safu ya majina.

Pampu nne zikabaki moja.
Hiyo moja ikavuta matope, ikapiga chafya,
stima ikakatwa kwa deni, ikarudishwa kwa mchango.
Kikao kikaamua: maji kwa zamu.
Na zamu aandike Akumu, wakasema,
mkono wake haudanganyi.

Mkono wangu.

Alhamisi usiku, zamu ya Penina Adongo wa Bloku F,
nikasikia maji yakinong'ona upande usio wake.
Nikawasha tochi.
Lango la kati limeinuliwa, limeegemezwa jiwe,
na juu ya tuta, suruali imekunjwa magotini,
kaka yangu Nyakwaka.
Mpunga wake ulikuwa umeanza kutoa masuke,
wakati ambao kiu ya siku tatu
hula kazi ya miezi mitatu.
Hakukimbia.
"Lisaa limoja tu, Akumu. Limoja tu."

Mbali, kwenye giza, tochi nyingine
ilimulika mfereji mkavu, ikazimika, ikamulika tena.
Penina na jembe lake,
akidhani ni mto uliochelewa.

Niliondoa jiwe. Lakini si mara moja.
Nilihesabu kwanza, sijui nilihesabu nini.
Asubuhi nikaandika:
Bloku F, pungufu lisaa na nusu. Sababu:
Nikaacha hapo. Wino ulikuwepo.

Halafu Oktoba, bila hodi,
milima ikatumwagia kwa usiku mmoja
yote iliyotunyima.
Mpunga wa Nyakwaka, umeshavunwa,
ungali ukianikwa,
uliondoka pamoja na turubai.
Wa Penina haukuwa na punje ya kupoteza,
ukazama umesimama.
Nilimbeba bibi mmoja wa Kochogo mgongoni
naye amembeba kuku kifuani,
kuku akininyea shingoni njia nzima,
na hakuna aliyecheka mpaka tulipofika lami.

Rula imekwenda.
Jina la Obuya sasa liko ziwani,
kwenye magugu, au kwenye wavu wa mtu.
Simu inalia, ofisi ya Kisumu:
Mama, kipimo cha jioni?
Nawaambia: maji yako dirisha la chekechea,
kwenye ile herufi waliyochora watoto, M ya mamba.
Wanasema hicho si kipimo.
Naandika hivyo hivyo.

Tumelala shule ya msingi, mikeka imegusana.
Daftari limelowa pembeni, katikati kukavu.
Nafungua ukurasa wa Alhamisi ile,
pale penye Sababu,
naandika jina la kaka yangu, kwa herufi kubwa.
Halafu, chini yake, langu.
Mkono unatetemeka, mistari inapinda.

Penina ndiye aliyenishikia taa.
Alisoma.
Akaisogeza karibu zaidi.